Mdiria Kwenye Mlango wa Kioo

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili kasorobo alfajiri niliposikia kishindo kidogo kwenye mlango wa kioo wa barazani, kishindo kizito kuliko cha nondo na chepesi kuliko cha kokoto. Nilipofungua nilimkuta amelala chali sakafuni, mbawa zimetanda, mdomo mwekundu umeachama kidogo, ndege mdogo kiasi kwamba kiganja kimoja kingemfunika mwili mzima. Mgongo wake ulikuwa wa buluu iliyokoza, kifua chake kilikuwa cha rangi ya kutu, na ubavuni mwa shingo alikuwa na baka jeupe lisilozidi ukubwa wa punje ya mhindi. Nilimtambua kabla sijainama kuwa ni mdiria. Nilichoshindwa kukielewa ni sababu ya mdiria kuwapo pale, kwa maana karibu na nyumba yetu hakuna mto wala bwawa, na maji pekee yaliyo wazi ni yale ya ndoo ya kumwagilia maua.

Nilimwinua kwa kitambaa laini, nikamweka ndani ya boksi la kadibodi lenye matundu machache, nikalifunga na kulipeleka mahali penye giza na utulivu. Hivyo ndivyo inavyopasa kumtendea ndege aliyegonga kioo, nami ninalisema hili mapema kwa sababu huruma ya watu wengi huanza kwa kumtilia maji mdomoni, na maji hayo yakiingia katika njia ya hewa yanaweza kumuua ndege ambaye angepona mwenyewe. Anachohitaji ni giza, kimya na muda. Hata hivyo, kabla sijafunga kifuniko nilijiruhusu kumtazama kwa muda wa pumzi tatu nne. Nilipoliinamisha boksi kuelekea mwanga, buluu ya mgongoni iliwaka. Nilipolirudisha kivulini ilizama ikakaribia weusi, ilhali rangi ya kutu kifuani haikubadilika hata kidogo. Kutu hiyo ni rangi hasa iliyomo ndani ya unyoya. Buluu ni jambo jingine: inatokana na vinafasi vidogo mno vilivyomo ndani ya unyoya, ambavyo huutawanya mwanga na kuturudishia sehemu yake ya buluu tu. Unyoya wa namna hiyo ukisagwa, buluu hupotea na kinachobaki ni unga wa rangi ya hudhurungi.

Baada ya saa moja nilisikia kucha zikikwaruza kadibodi. Nililibeba boksi hadi chini ya mti, nikafungua kifuniko na kurudi nyuma hatua kumi. Alitoka, akatua kwenye tawi la chini, akainua na kushusha kichwa mara mbili kama ilivyo desturi ya jamaa zake wote, kisha akaondoka kwa mstari ulionyooka na kupotea nyuma ya ukuta.

Mchana wa siku hiyohiyo nilibandika madoa madogo meupe kwenye kioo cha mlango, kwa upande wa nje, kila doa likiwa sentimita 5 kutoka kwa jirani yake. Umbali huo una sababu: ndege akiona mwanya unaomtosha kupita, atajaribu kupita, na ndege wengi wadogo hupenya katika nafasi finyu kuliko tunavyodhani. Kioo kwake si kitu. Anachokiona ni mti na anga vilivyoakisiwa humo. Nchini Marekani pekee watafiti walikadiria mwaka 2014 kwamba ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo, na usiku mmoja wa Oktoba 2023 karibu ndege 1,000 waliokuwa safarini walikufa kwa kugonga jengo moja tu mjini Chicago. Nilipozisoma takwimu hizo nilielewa kwamba mgeni wangu alikuwa na bahati, na kwamba kioo changu kilikuwa sehemu ya jambo kubwa kuliko baraza langu.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nimejiambia kwamba mdiria yule amepotea. Nilikuwa nimekosea. Jamii ya mdiria ina spishi zaidi ya 100 duniani, na wengi wao hawategemei samaki. Hukaa msituni na vichakani, mbali na maji, wakila panzi, buibui na mijusi midogo. Baadhi ya wale wadogo kabisa huhama kwa msimu, tena husafiri usiku, na ndiyo maana huokotwa asubuhi chini ya madirisha. Ndege yule alikuwa njiani, katika njia ambayo huenda jamaa zake wamekuwa wakiipita juu ya paa letu kila mwaka tangu nyumba ijengwe, nasi tukiwa tumelala.

Tangu asubuhi ile nimekuwa na daftari, na kila ninapolipitia upya ninazidi kuamini jambo moja: ndege wengi wanaotushangaza karibu na nyumba zetu ni wapitaji na wakazi wa siku zote, ambao hatukuwa na jicho la kuwaona wala sikio la kuwasikia. Wageni waliopotea kweli wapo, na nitawataja, kwa kuwa habari zao ni tamu. Lakini wao ni wachache, na anayewangoja wao peke yao atangoja sana.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwajua wale ambao nilidhani ninawajua: shomoro, njiwa na kunguru. Niliamua kukaa nao nusu saa kila asubuhi bila kutafuta kitu kingine chochote, na sitakificha kwamba wiki za mwanzo zilinichosha. Kisha, polepole, nilianza kuona kwamba uani pana mazungumzo yanayoendelea. Nilijua ni njiwa yupi hutangulia kushuka, na ni tawi gani kunguru hutumia kuchungulia kabla ya kutua. Zaidi ya yote nilijifunza kutofautisha namna mbili za hofu. Sauti ambayo ndege wadogo huitoa wanapomwona mwewe angani ni nyembamba, inaanza na kwisha polepole, na sikio hupata tabu kujua inatoka wapi, jambo linalomlinda yule anayeitoa. Sauti ya kuzomea ni kinyume chake: ni fupi, ni kali, inarudiwarudiwa, na kila msikilizaji anajua mara moja iko upande gani, kwa sababu nia yake ni kuwaita wengine waje kumkabili adui aliyetulia mahali.

Hivyo naweza kusema kwamba bundi nilionyeshwa na shomoro. Alasiri moja, kama saa tisa, shomoro wote wa uani walikuwa wamekusanyika kwenye ncha ya paa la banda la kuwekea vifaa, wakizomea kwa pamoja, na ndege wengine watatu ambao kwa kawaida hawachangamani nao walikuwa wamejiunga. Nilidhani ni paka. Nilizunguka nyuma ya banda, nikainua macho kwenye mwanya ulio kati ya paa na ukuta, na hapo nikakutana na uso mweupe wa umbo la moyo, macho meusi yamefumbwa nusu, mwili umebanwa wima kama ubao uliosahauliwa na fundi. Alikuwa ni yule bundi ambaye wengine humwita babewatoto. Michirizi myeupe ukutani, ambayo kwa miezi mingi nilikuwa nimewalaumu njiwa kwa ajili yake, ilikuwa yake.

Chini ya mwanya ule palikuwa na madonge meusi, baadhi yakiwa bado yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Bundi huyu humeza mawindo yake mazima, na vile visivyoyeyuka tumboni hufungamana na kutapikwa kwa umbo la donge. Nilichukua moja, nikaliloweka katika maji ya uvuguvugu, kisha nikalifungua juu ya gazeti kwa sindano mbili, taratibu. Ndani yake nilipata mafuvu matatu ya panya, taya zenye meno ya mbele ya rangi ya chungwa, mbavu nyembamba kama uzi, vifundo vya uti wa mgongo vilivyoshikana bado, na vyote vilikuwa vimezungushiwa manyoya ya kijivu yaliyosokotana kama sufi. Panya watatu katika donge moja. Nilihesabu madonge kumi na saba sakafuni siku ile, na tangu hapo sijapata kumtazama bundi kwa jicho lile la zamani.

Inafaa kuongeza neno juu ya namna anavyowapata panya hao. Uso wake ule wa umbo la moyo ni kama sahani inayokusanya sauti na kuipeleka masikioni, na masikio yenyewe hayakupangwa sawasawa. Moja liko juu kidogo kuliko lingine, kwa hiyo ubongo hulinganisha tofauti ya sauti na kujua kama panya yuko juu au chini, kulia au kushoto. Majaribio yaliyofanywa katika vyumba vyenye giza totoro yalionyesha kwamba anaweza kumnasa panya kwa kusikia peke yake. Manyoya ya mbawa zake yana ukingo laini kama mahameli, na ndiyo maana hatukuwahi kumsikia akipita. Anaishi katika mabara yote isipokuwa Antaktika, mara nyingi chini ya mapaa ya watu, na pengine ni ndege aliye karibu nasi kuliko tunavyopenda kukiri.

Bundi ana maadui wengi wanaotokana na hofu za watu, kwa hiyo nilikuwa mwangalifu sana katika kuitoa habari hii. Jirani mmoja niliyemwamini nilimwonyesha lile gazeti lenye mifupa kabla sijamwambia mifupa ilikotoka, na alipojua alisema tu, "Basi mwache akae, ndugu yangu, anatufanyia kazi." Wengine sikuwaambia. Mtandao wa eBird, ambamo watu huandikisha ndege waliowaona, ulioanzishwa mwaka 2002 na Maabara ya Ornitholojia, yaani elimu ya ndege, ya Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na shirika la Audubon la kuhifadhi ndege, huficha mahali hasa walipoonekana ndege wa spishi zilizo katika hatari ya kuwindwa, kunaswa au kusumbuliwa, nami naona huo ni utaratibu ambao kila mmoja wetu anaweza kuufuata hata bila kulazimishwa. Picha ya kiota inayosambazwa pamoja na jina la mtaa inaweza kuleta watu ishirini kufikia jioni. Vilevile sipendi tabia ya kumchezea ndege sauti yake kwenye simu ili atoke kichakani. Anayetoka anadhani amevamiwa na mpinzani, na anapoteza muda na nguvu ambazo angezitumia kulisha makinda.

Kuna ndege mwingine aliyenihangaisha kwa wiki nzima. Alikuwa na kichwa cheupe, mabawa yenye mabaka meupe na mkia wenye unyoya mmoja mweupe katikati, na hakuna ukurasa wa kitabu changu cha ndege uliofanana naye. Nilikwisha kuanza kumwandikia maelezo marefu daftarini nilipogundua kwamba nilikuwa nimeyatazama yale mabaka na kusahau kumtazama ndege mwenyewe. Mdomo wake mfupi na mnene ulikuwa wa shomoro. Miruko yake ardhini ilikuwa ya shomoro. Alikuja na shomoro, akaondoka na shomoro, na alipofungua mdomo alilia kama shomoro. Hali hiyo hutokea pale rangi inaposhindwa kufika kwenye baadhi ya manyoya, na inatofautiana na ualbino, ambamo mwili hautengenezi rangi nyeusi kabisa na macho huonekana ya waridi. Macho ya huyu yalikuwa meusi. Tangu hapo nimejiwekea kanuni: rangi huiandika mwisho. Kwanza huandika ukubwa nikimlinganisha na ndege ninayemjua, kisha umbo la mdomo, urefu wa mkia, namna anavyotembea, yuko pamoja na nani na anakula nini. Na yote hayo huyaandika kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu mtu akishaona picha nzuri kitabuni, kumbukumbu yake huanza kuifuata picha. Programu za simu nazo husaidia. Merlin, kwa mfano, imekuwa ikitambua ndege kwa sauti tangu mwaka 2021. Lakini jibu lake mimi hulichukua kama pendekezo la rafiki mwenye sikio zuri, halafu humtafuta ndege kwa macho.

Mgeni aliyenifurahisha kuliko wote sikumwona mimi kwanza. Mtoto wa jirani, wa miaka saba hivi, aligonga lango adhuhuri akihema. "Shikamoo, mjomba. Njoo uone, kuna ndege ana kitana kichwani!" Nilikwenda nikiwa na mashaka, maana watoto huona mengi. Pale kwenye nyasi fupi nyuma ya nyumba yao alikuwapo hudihudi, akitembea kwa hatua za haraka kama mtu aliyedondosha sarafu, akichoma udongo kwa mdomo wake mrefu uliopinda na kutoa viwavi. Aliporuka na kutua tena, kile kishungi kilichokuwa kimelala nyuma ya kichwa kilifunguka chote, kila unyoya ukiwa na ncha nyeusi, kikakaa wazi kwa kitambo kifupi na kujifunga. "Si nilikuambia?" akasema mtoto. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua ndege huyu, hata wale ambao hawajawahi kumwona, kwa kile kisa cha Nabii Suleiman: ndiye aliyekosekana kwenye gwaride la ndege, na aliporejea akaja na habari za Saba. Alikaa kwenye nyasi zile siku mbili. Mwaka uliofuata, katika mwezi uleule, alikuja tena mmoja, na mtoto yule, ambaye sasa ana daftari lake mwenyewe, alikwisha kuandika tarehe kabla sijafika.

Kurudi huko katika mwezi uleule ndiko kulikonionyesha kwamba hakuwa mpotevu. Lakini hudihudi hutusaidia pia kuelewa jinsi ndege wanavyopotea kweli. Kila majira ya kuchipua hudihudi kadhaa hufika kusini mwa Uingereza, ambako kwa kawaida hawazaliani. Walikuwa wakirudi Ulaya kutoka Afrika, hali ya hewa ikawa nzuri na upepo ukawasukuma, nao wakapitiliza mwisho wa safari yao. Kupitiliza ni sababu moja. Dhoruba ni nyingine, hasa kwa ndege wa baharini wanaookotwa mbali na pwani baada ya kimbunga. Njaa huwasukuma wengine kwa maelfu, mwaka ambao mbegu au panya wamekosekana kaskazini. Sababu inayonigusa zaidi ni ile ya vijana. Ndege wengi wachanga hufanya safari yao ya kwanza bila mzazi wala kiongozi. Kekeo, kwa mfano, hulelewa na ndege wa spishi nyingine, kisha huruka maelfu ya kilomita akiongozwa na mwelekeo aliorithi peke yake. Urithi huo ukiwa na kasoro ndogo, au upepo ukimtoa njiani usiku wa pili, kijana huyo huishia kwenye bustani ya mtu ambaye hatamsahau maisha yake yote. Na wako wengine ambao hawakupotea wala kuhama, wametoroka tu kizimbani. Bata mandarini dume aliyezuka katika bwawa la bustani ya Central Park mjini New York mwezi Oktoba 2018, na kuvuta umati wa watu kwa majuma mengi, alikuwa na pete mguuni, ishara kwamba aliwahi kufugwa. Kwa hiyo ukimwona ndege wa ajabu karibu na nyumba, mtazame miguu, na uangalie kama manyoya ya mkia yamechakaa kwa kusuguliwa na nyavu.

Katika bustani hiyohiyo ya Central Park, Januari 2021, alitua bundi mweupe wa Aktiki, na kumbukumbu ya mwisho ya ndege huyo mahali pale ilikuwa ya mwaka 1890. Mwaka huohuo tai wa baharini wa Steller, ambaye makazi yake ni mashariki ya mbali ya Urusi na Japani, alionekana Texas mwezi Machi, kisha mashariki mwa Kanada, na kufikia Desemba alikuwa Massachusetts na Maine. Watu walijua ni yuleyule kwa kulinganisha mabaka ya mabawa yake katika picha. Ninapofikiria habari yake hunijia zaidi wale ambao siku hiyo waliinua macho kutoka madirishani mwao, wakaona tai mkubwa mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, wakadhani macho yao yanawadanganya.

Hata hivyo, kisa ninachokipenda kuliko vyote hakihusu ndege adimu. Mwezi Mei 1911, huko Cheadle, Staffordshire, mwanasheria aliyeitwa John Masefield alimvisha pete nyepesi mguuni mbayuwayu aliyekuwa akitaga katika ukumbi wa mbele wa nyumba yake. Wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika mbayuwayu wa Uingereza hupitisha wapi miezi ya baridi. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shambani huko Natal, Afrika Kusini, pete ikiwa bado mguuni. Ninaurudia mpangilio huo kila mara: ukumbi wa nyumba moja, dari la nyumba nyingine, na kati yake safari ya kilomita zaidi ya 9,000 iliyofanywa na kiumbe mwenye uzito wa gramu 20 hivi. Pande zote mbili alikuwa ndege wa nyumbani. Mwenye nyumba ile ya Natal, kama alikuwa na mazoea ya kutazama juu, alikuwa amewaona mbayuwayu kila mwaka na kuwahesabu kuwa wa kwake, sawa na Masefield. Mbayuwayu wanaotua kwenye waya za umeme mbele ya nyumba yetu siwezi tena kuwapita bila kujiuliza ni upenu wa nani waliokulia.

Hapo ndipo ninapoonya dhidi ya kudharau maandishi madogo. Yangeyange anayefuata ng'ombe alikuwa ndege wa Afrika, kusini mwa Ulaya na Asia. Mwishoni mwa karne ya 19 wachache walionekana kaskazini mwa Amerika Kusini, wakiwa wamevuka Atlantiki kwa mbawa zao wenyewe. Katika miaka ya 1940 walifika Florida, mwaka 1953 ikathibitika kwamba wanazaliana huko, na leo ni ndege wa kawaida katika malisho ya bara zima. Mtu wa kwanza aliyemwona mmoja pembeni mwa shamba lake, akaandika tarehe, aliandika ukurasa wa kwanza wa historia hiyo bila kujua. Nina mistari kadhaa katika daftari langu ambayo kwa sasa haina maana yoyote. Nimeiacha kama ilivyo.

Mstari wa mwisho nilioandika ni wa mwezi uliopita. Nilikuwa nikifagia majani makavu kando ya njia ya kuelekea langoni, na ufagio ulikuwa umebakiza shibiri moja kufikia rundo dogo, nilipoona kwamba jani mojawapo lina jicho. Lilikuwa limefumbwa, limebaki ufa mwembamba mweusi, na chini yake palikuwa na vinywele vigumu vilivyozunguka mdomo mdogo sana. Nilisimama hivyo hivyo, ufagio mkononi. Ilinichukua karibu dakika nzima kuutenga mwili wake na majani: hapa bega, hapa ncha ya bawa, pale mkia, kila unyoya umechorwa vijimstari vya kijivu, hudhurungi na maziwa. Alikuwa ni kirukanjia, ambaye jina lake linatokana na tabia yake ya kukaa njiani usiku na kuruka mbele ya wapita njia. Watafiti waliowachunguza ndege hawa nchini Zambia walionyesha kwamba kila mmoja huelekea kuchagua ardhi inayofanana na madoa yake mwenyewe, na huyu alikuwa amechagua vizuri kiasi cha kukaribia kufagiliwa.

Nilirudi nyuma taratibu, nikawaambia wa nyumbani kwamba kwa sasa tutatumia mlango wa uani. Hakuna aliyelalamika. Siku ya kwanza hakusogea hadi magharibi. Siku ya pili mvua ndogo ilinyesha, na nilipomtazama kwa darubini kutoka dirishani niliona matone yamesimama mgongoni mwake kama shanga, naye hajafumbua jicho. Siku ya tatu jioni, mwanga ulipokuwa unatoweka, alifumbua macho yote mawili, makubwa na meusi, akajinyoosha bawa moja, kisha la pili, akaondoka bila sauti. Asubuhi ya nne palikuwa patupu. Kulikuwa na kishimo kidogo kilichobonyea katika majani, chenye umbo la mwili wake, na unyoya mmoja pembeni. Sijaufagia upande ule mpaka leo.